Cream ya chocolate bila sukari niliyompigia Baba, Malaba, asubuhi ya harusi yangu

Wakuu, habari zenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, akaunti nilifunguliwa na mjukuu. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Kuna kijana jana ameweka uzi wa cream yake ya chocolate, low-carb, anasema kwao hakuna aliyewahi kufanya. Hongera yake. Lakini hiyo kitu mimi niliipiga kwa mkono pale Malaba miaka ya sabini, bila mixer, bila stima, na siku yenyewe mimi ndiye nilikuwa bibi harusi.

Sitaongeza chumvi. Nitasema ilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa karani kwa ofisi moja ya clearing, ya kupitisha mizigo forodhani, hapo mpakani. Mtu wa tai, viatu vinang'aa hata msimu wa matope. Mama alitutoka mapema, kwa hivyo nyumba ilikuwa mimi na yeye, na jikoni nilianza kusimamia nikiwa bado mdogo.

Mwaka wa harusi yangu Baba akaanza kukonda. Maji anakunywa mtungi mzima, chooni haishi kwenda. Nikamlazimisha twende hospitali ya misheni, wakasema ni ugonjwa wa sukari. Akapewa dawa. Sister wa pale akamwambia mbele yangu: sukari basi, soda basi, keki basi.

Sasa shida ikaanza. Baba hakutaka mtu yeyote ajue.

Siku hizo kwetu ukisema una sukari, huyu anakucheka ati umepata ugonjwa wa matajiri, yule anauliza ni nani amekuroga. Baba hakuwa tayari kwa maneno hayo. Akienda kwa watu wanamwekea chai ya vijiko vinne, anakunywa yote ili asiulizwe. Kuna siku alirudi kutoka matanga ya watu, akaanguka mlangoni kwetu. Nilimshika mimi. Sijawahi kuogopa vile tena maishani.

Na harusi ndiyo hiyo inakuja.

Mnajua mambo ya keki. Bibi harusi anapiga magoti, anamlisha baba yake mbele ya kanisa lote, halafu anaenda kumlisha mama mkwe. Mzazi akikataa kile kipande, umeisha. Watu watasema hajabariki, na hayo maneno yatakufuata mpaka kwa watoto wako.

Nikamwomba Baba tuwaambie watu ukweli. Akanijibu polepole, "Mama, nitakula. Na wakiniletea kingine nitakula. Siwezi kukuaibisha." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilimjua mzee wangu. Mashangazi wangekuja kila mmoja na sahani yake, na yeye angemaliza zote akitabasamu. Niliona nitaolewa Jumamosi na nizike Jumatatu.

Hapo ndipo niliamua kumtengenezea kitu chake. Kiwe kitamu, kiwe cha heshima, kiwekwe mezani karibu na keki, na nikimlisha watu waone bibi harusi amemlisha baba yake.

Shuleni tulisoma domestic science. Mwalimu alituonyesha kupiga cream, yake alimwagia sukari ya unga. Nikajiuliza, je, nikiacha sukari nje?

Cocoa ile chungu ililetwa na Mzee Bakari, dereva wa trela kutoka Mombasa, rafiki ya Baba. Nilimwagiza pia vile vidonge vidogo vya saccharin ambavyo watu wa diet waliweka kwa chai. Akaniuliza ni vya nini. Nikamwambia ni bibi harusi hataki kunenepa. Alicheka mpaka akakohoa, lakini alileta.

Halafu muone maajabu ya mpaka. Ng'ambo Uganda wakati huo sukari ilikuwa inatafutwa kwa tochi, watu wanavuka hadi kwetu kuulizia kilo moja. Na mimi hapa nazunguka natafuta namna ya kuikimbia.

Cream nilipata kwa jirani yetu Mama Amoit, mwenye ng'ombe. Maziwa ya jioni unayalaza kwa sufuria pana, sufuria unaiweka ndani ya karai la maji ya kisima. Asubuhi unaengua yale mazito ya juu bila haraka. Ng'ombe wetu wa kienyeji hatoi maziwa mengi, lakini mafuta anayo, hiyo msibishane na mimi.

Jaribio la kwanza lilikuwa wiki ya harusi yenyewe. Nikapiga kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi. Mama Amoit akanionea huruma, akaninyang'anya bakuli, akamimina kila kitu kwa kibuyu chake cha kusukia maziwa. Akaketi akasuka, anaimba pole pole, mimi nikaenda kupiga pasi.

Kurudi, nakuta siagi. Siagi ya rangi ya udongo, na maji yake pembeni. Mama Amoit ananionyesha kwa furaha kabisa.

Sikuweza hata kumkasirikia. Mikono yetu sisi ilifundishwa hivyo. Maziwa yakianza kuwa mazito ndiyo unaongeza bidii, mpaka mafuta yatengane. Ukiacha katikati wewe ni mvivu na mama mkwe atakurudisha kwenu. Cream inataka kinyume chake. Inapoanza kushika ndipo unaacha.

Baba aliila ile siagi na ugali, akasema ina ladha ya kalamu. Vidonge nilikuwa nimezidisha.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla wasichana hawajaja kunisuka nywele, nilikuwa jikoni na leso kiunoni. Nimeikoroga cocoa na maji moto kidogo ikawa uji mzito, nikaiacha ipoe kabisa, maana ikiwa moto inayeyusha kila kitu. Vidonge vichache nimesaga, chumvi kwa ncha ya kidole. Cream baridi kutoka kwa karai la maji ya kisima. Safari hii niliweka uma chini, nikachukua kile kijiti cha kukorogea mboga chenye vidole mwisho, unakizungusha katikati ya viganja.

Mama Amoit akapokea nilipochoka. Ikaanza kufanya mikunjo, ikasimama. Nikamwambia aache.

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Sasa ndiyo inaiva, unaniambia niache?"

Nikamshika mikono yote miwili. Ndiyo, nilimshika mama wa watu. Aliguna, lakini aliacha, na bakuli likabaki na kitu laini cha rangi ya kahawia ambacho hakuna mtu Malaba alikuwa amekiona. Wakuu, nilijisikia injinia.

Baridi ya kuihifadhi mpaka mchana ilitoka kwa fridge ya mafuta ya taa ya baa moja karibu na maegesho ya malori. Kwa hivyo cream ya harusi ya kanisa ilikaa asubuhi yote katikati ya bia. Mchungaji hakuambiwa.

Wakati wa keki ukafika. Mama Amoit akaleta bakuli ndani ya karai la barafu, limefunikwa kitambaa cheupe. Nikapita keki bila kuigusa. Nikapiga magoti mbele ya Baba na kijiko.

Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti mbona mzee hapewi keki, kwani kuna nini. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo swali.

Baba akala kijiko. Akafumba macho. Akala cha pili. Halafu akasimama, akanyoosha tai yake, akasema, "Mimi nina ugonjwa wa sukari. Msichana wangu amenipigia hii kwa mikono yake ili nisife. Anayeuliza ameshajibiwa."

Shangazi akakaa chini.

Mimi machozi yananitoka, lakini harusi lazima iendelee, nikachukua kipande cha keki nikaenda kwa mama mkwe. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Port Victoria, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, nilimwogopa sana. Nikapiga magoti, nikainua keki.

Akatikisa kichwa. Amekataa.

Nilijua nimekwisha, mbele ya ukoo wote wa mume wangu.

Akainama karibu na mimi. "Hiyo hapana, binti yangu. Nipe ile ya baba yako."

Mume wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Akasema, "Mama?" Yeye akajibu bila kumtazama, "Tangu mwaka jana. Ningewaambiaje?" Akafungua mdomo, nikamlisha kwa kijiko kile kile cha Baba, na akaomba tena.

Nilichojifunza, wakuu: cream unaiacha ikianza kusimama, na ugonjwa unausema ukianza kukusumbua. Mimi najivunia yote mawili, na sitaki unyenyekevu wa bure leo.

Kama kuna mzee kwenu anakunywa chai ya watu kwa aibu, andika hapa chini, tuone tutampigia nini. Na yule kijana wa jana, weka picha ya yako. Nataka kuona kama imesimama.