Akaunti Moja Kati ya Ishirini na Tatu

Thadeus Nyangau amepima majani chai ya majirani zake kwa miaka kumi na minane, katika kituo kimoja karibu na Itumbe, na hakuna mkulima aliyewahi kunung'unikia mizani yake. Gunia likishatundikwa, husubiri namba itulie, huisoma kwa sauti, kisha humwuliza mwenye chai kama ameiona. Asiyeiona hupimiwa upya. Upimaji ukiisha kuna kungoja lori la kiwanda, ambalo huja wakati linapotaka, na ni katika kungoja huko ndiko alikojifunza kucheza Ngome Saba.

Ngome Saba ni mchezo wa simu unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja popote alipo. Unajenga ngome yako, unajiunga na ukoo, na mara moja kwa wiki koo hupambana. Kampuni iliyoutengeneza iko ng'ambo. Hakuna mtu Itumbe aliyejua mwenyewe ni nani, lakini maoni kuihusu hayakukosekana. Ilisemekana ina tamaa, inapendelea wanaolipa, na haisomi barua ya mtu. Kwenye jukwaa la wachezaji, ambako watu wa mataifa mengi huitukana kampuni hiyo kutwa kucha, Nyangau alikuwa na jina. Hakutukana. Kampuni ilipopunguza nguvu za minara kimyakimya, aliijaribu minara yake mara mia mbili na kuandika matokeo. Ilipoanza kuuza panga ambazo hazipatikani kwa ustadi ila kwa fedha, aliandika kwamba kampuni inayouza ushindi ni sawa na karani aliyeugeuzia ukuta uso wa mizani. Watu asiowajua waliinakili sentensi hiyo kwa miezi.

Ukoo wake uliitwa Majani Mabichi, na yeye ndiye aliyeuongoza. Ulikuwa na wachezaji thelathini kutoka Kisii na Nyamira: wakulima wa chai, wenye maduka, mwalimu mmoja, fundi wa nywele mmoja. Ishirini na watatu kati yao walikuwa Waadventista Wasabato, na Nyangau hakuwa Mwadventista wa hivi hivi. Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo.

Mwezi wa kwanza mwaka jana kampuni ilitangaza kwamba pambano la wiki litakuwa Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za Kenya. Kuanzia wiki hiyo, watu saba wa Majani Mabichi walikabiliana na thelathini wa upande wa pili. Mmoja wa hao saba alikuwa Celestine, Mkatoliki mwenye ng'ombe wa maziwa kule Nyansiongo, na kila Jumamosi jua likizama alikuwa akiwaandikia wenzake kwenye kundi la WhatsApp taarifa ya msiba.

"Leo nimechomewa mpaka jikoni," aliandika wakati mmoja. "Mlikuwa mnaimba wimbo namba ngapi?"

Kufikia mwezi wa kumi ukoo uliokuwa wa pili ulikuwa wa tisini na nne. Watu wakamwomba kiongozi aandike barua.

Aliiandika kwa siku tatu, katika daftari la kazini, na Persis, mwenye duka la vifaa vya simu Magwagwa, akaitia Kiingereza kizuri. Ilieleza Sabato ni nini na inaanza lini. Iliomba pambano lihamishiwe Jumapili, na hapo Celestine alikuwa ameshatoa idhini yake, kwamba yeye huhudhuria misa ya kwanza na saa nne huwa amerudi kwa ng'ombe wake. Chini yake kulikuwa na orodha ya akaunti ishirini na tatu. Kwa maoni ya Persis barua ilikuwa imekamilika. Nyangau akaongeza aya moja.

"Hatuombi mtuamini," aliandika. "Mna kumbukumbu za kila akaunti. Zikagueni. Hamtakuta hata moja kati ya hizi iliyofunguliwa kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi."

Persis alimwuliza kwa simu kama kulikuwa na haja ya hayo. Alimjibu kwamba barua bila ushahidi ni malalamiko tu, na kwamba kampuni ile haijawahi kumjibu mtu, sembuse kumkagua. Aliliamini hilo kama alivyoamini maoni yake yote kuhusu kampuni. Ndiyo sababu aliweza kuandika aya ile huku akijua kwamba akaunti moja katika orodha, ya kwanza kabisa kutoka juu, yenye jina lake, ilikuwa imefunguliwa karibu kila Jumamosi tangu mwisho wa mwezi wa tatu.

Ilianza kwa kuchungulia. Sabato, baada ya chakula kilichopikwa Ijumaa na kabla ya kipindi cha alasiri, alikuwa na desturi ya kuchukua mkeka na kushuka hadi shamba la chini kupumzika na Neno. Neno lilikuwa kwenye simu, kama la watu wengi siku hizi, na hakuna anayeshangaa kumwona mzee wa kanisa ameinamia simu siku hiyo. Jumamosi ya kwanza alitaka tu kujua kama ngome ilikuwa imeshaungua. Ya pili akaziba ukuta, akijiambia kwamba hata ng'ombe aliyetumbukia shimoni hutolewa siku ya Sabato. Baadaye hakujiambia kitu. Aliziba kuta, akajaza ghala, akakusanya dhahabu. Hakupigana hata mara moja, kwa maana kupigana kungeonekana na wale saba.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa, Jumanne. Halikuja kwake peke yake. Kampuni ilikuwa imelibandika kwenye jukwaa, ambako Persis aliituma barua, chini ya barua yenyewe, mahali pa kila mtu kusoma.

"Tumekagua kama mlivyotualika," jibu lilisema. "Kwa miezi kumi, akaunti ishirini na mbili hazikufunguliwa hata mara moja katika saa mlizotaja. Hatujawahi kuona jambo kama hili. Akaunti moja ilifunguliwa katika Jumamosi thelathini na moja. Hatutaitaja, kwa kuwa hiyo ni siri ya mwenyewe. Tuko tayari kuuhamishia ukoo wenu kwenye mapambano ya Jumapili. Kiongozi wa ukoo atutumie orodha iliyosahihishwa ndani ya siku saba. Tusipoipata, tutaacha mambo yalivyo."

Nyangau aliisoma kituoni, akiwa bado na kalamu sikioni. Kwenye jukwaa wageni walikuwa wameshaanza kuisifu kampuni, wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wengine walikuwa wakicheka na kubahatisha. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna aliyecheka. Kila mtu alitaka kujua ni nani.

Haikuchukua muda wakampata. Ondieki alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mchuma chai, aliyebatizwa mwaka uliotangulia baada ya kukaa darasani kwa Nyangau miezi saba. Kabla ya hapo alijulikana zaidi kwenye meza za pool za Itumbe. Manasseh, mwenye duka la kinyozi, ndiye aliyeanza. Aliandika kwamba wapo watu ambao maji ya ubatizo bado hayajawakauka. Mwingine akaandika kwamba mazoea yana taabu. Hakuna aliyetaja jina, ila wote walijua.

"Si mimi," Ondieki aliandika.

Manasseh akamwambia basi alete simu waione. Ujumbe ukakatika, na watu wote ishirini na tisa wakawa wanamngoja kiongozi.

Nyangau alikaa na simu mkononi hadi taa yake ikazima, akaiwasha, ikazima tena. Kisha akaandika: "Ndugu, tusihukumiane. Mwenye jambo ajitafakari mbele za Mungu." Watu kumi na wawili wakaitikia Amina.

Kati ya yote aliyoyafanya mwaka huo, hilo ndilo ambalo hadi leo hawezi kulisimulia akiwa amemtazama mtu usoni. Zile Jumamosi zilikuwa udhaifu wake. Ujumbe ule aliupima. Alijua kwamba mtu akiusoma atamwona mzee mwenye huruma akimfunika kondoo aliyepotea, na kwamba kondoo huyo atazidi kuwa Ondieki.

Jumatano Persis aliuliza orodha iko wapi. Alhamisi akauliza tena. Nyangau alitafuta njia nyingine na hakuipata. Akilitoa jina lake kimyakimya, Persis, ambaye ndiye aliyeichapa orodha, ataona. Akilitoa la Ondieki, kampuni itaona, maana sasa kampuni ile ya ng'ambo ilimjua kuliko kanisa lake lilivyomjua. Akinyamaza, siku saba zitapita, na watu ishirini na wawili walioishika siku yao kwa uaminifu watapoteza kila Jumamosi kwa sababu yake.

Ijumaa kituo hufungwa mapema, watu waende kupika na kuoga kabla jua halijazama. Ondieki alikuja wa mwisho kwenye foleni. Huenda alitaka kuepuka macho. Alikuwa na magunia mawili. Yakapimwa, namba ikasomwa, akasema ameiona. Wengine walikuwa wameshaondoka. Nyangau alimwomba asubiri kidogo, akajishughulisha na kukunja kamba ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Ondieki," alisema, "ile akaunti ni yangu."

"Najua, Mzee."

Nyangau akamwuliza amejuaje. Kijana alieleza bila haraka, kama mtu anayeulizwa bei. Kwenye jedwali la ukoo yeye alikuwa chini ya Nyangau kwa nafasi moja, na kwa muda mrefu alikuwa akijaribu kumfikia. Kila Ijumaa, kabla ya kuzima simu, aliandika pointi za Nyangau kwenye karatasi. Kila Jumamosi usiku alikuta zimeongezeka kidogo. Aliliona hilo tangu mwezi wa tano.

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye uliyenifundisha Sabato." Ondieki aliyakung'uta magunia yake matupu, akayakunja. "Nilifikiri kuna kitu wazee wameruhusiwa. Kitu sisi wapya hatujafikia. Nikasema nikikaa sana kanisani nitafundishwa."

Nyangau alitaka kusema kwamba hakuna kitu kama hicho, akaona kwamba kijana alishajua hakuna. Alisema atawaambia wote kesho jioni, Sabato ikiisha, ili asiivuruge siku.

Ondieki aliitazama milima ya upande wa magharibi. "Jua bado halijazama," alisema. "Na mimi kesho nitaingia kanisani na jina gani?"

Basi akaandika pale pale, amesimama, Ondieki akiwa mbele yake ameshika magunia. Aliandika kwamba akaunti iliyofunguliwa Jumamosi thelathini na moja ni yake, Thadeus Nyangau, kwamba alijua hivyo alipoiandika barua na alijua hivyo alipowaambia wasihukumiane, na kwamba Ondieki hana kosa na anastahili kuombwa radhi, naye akiwa wa kwanza. Aliusoma ujumbe mara moja, akautuma.

Kisha Persis akatuma orodha ya akaunti ishirini na mbili, na chini yake neno moja: "Idhinisha." Akaidhinisha, nayo ikaenda kwa kampuni. Manasseh aliandika kwamba Ondieki amsamehe, alikuwa anatania. Ondieki akamwandikia kwamba utani wake una meno, lakini ameusikia. Celestine, ambaye hajawahi kukosa la kusema, hakuandika lolote, na Nyangau aliona kwamba hilo lilimuuma kuliko matusi.

Ondieki alibeba magunia yake, akaaga kwa adabu ile ile ya siku zote, akashuka njia ya mtoni. Hakusema amemsamehe. Nyangau hakuwa amemwuliza.

Kampuni ilijibu usiku huo huo, kwa ufupi. Majani Mabichi wangeanza kupambana Jumapili kuanzia wiki iliyofuata. Mwandishi wa jibu hilo, ambaye hakutia jina, alimshukuru kiongozi wa ukoo kwa uaminifu wake. Nyangau aliliona Jumamosi jioni tu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameiacha simu nyumbani, kabatini, imezimwa.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, kanisani, alimwomba mchungaji amtafutie darasa lake mwalimu mwingine, akamweleza sababu. Watu wa ukoo walimsalimia wote, mmoja baada ya mwingine, kwa upole mwingi mno. Alasiri, baada ya chakula, hakuchukua mkeka. Alibaki kwenye kiti cha sebuleni, mikono juu ya magoti.

Mkewe, Purity, hachezi Ngome Saba wala hayumo kwenye kundi la WhatsApp. Alimwuliza kama anaumwa. Ndipo Nyangau alipotambua kwamba alikuwa amewaambia watu ishirini na tisa, na mchungaji, na kampuni ya ng'ambo kwa njia yake, na nyumbani kwake hakuna aliyejua. Akamwambia. Alianza na barua, akarudi nyuma hadi mwezi wa tatu, akamaliza na Ondieki. Nje, watoto wao wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha tangi la maji wakinong'onezana, kama walivyozoeshwa kufanya saa hiyo ya Sabato.

"Hawa nimewakataza kelele mwaka mzima," Purity alisema hatimaye. "Nikiwaambia baba yenu anaomba."

Akatoka mlangoni, akawaambia wanaweza kucheza.