Anayeshika Mti Bila Kusukuma

Mnisamehe kwa mwandiko wangu. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na kalamu inanichosha kuliko jembe. Mkikuta neno limepungukiwa herufi, liongezeeni. Ninawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kukaa kwenye mikutano ya mtaa, kwa sababu mimi nilikaa humo vibaya.

Nakumbuka Jumamosi moja ya kazi za pamoja hapa Rumonge, mvua zikiwa karibu. Kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Tulikuwa tunachimba mtaro wa kupeleka maji ziwani, na shefu wa mtaa alitaka upite nyuma ya banda la Bibi Zaina, pale tunapokamua mawese. Bibi Zaina ndiye mwenye mashine, na ndiye aliyenipa kazi ya kuizungusha. Siku hiyo alikuwa amekwenda Kigwena kununua chikichi.

Mimi mahali pale nilipajua. Kila ikinyesha ninaona maji yanavyofika kwenye jiwe moja, yanageuka na kurudi upande wa banda. Shefu akauliza, "Kuna mwenye neno?" Neno nilikuwa nalo, tena lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nilitazama waliosimama pale, huyu mwalimu, yule mfanyabiashara, nikasema moyoni: mimi ni nani? Nikainama nikachimba. Nilichimba vizuri mpaka nikasifiwa.

Wiki haikuisha. Mvua ilinyesha asubuhi, maji yakafika kwenye jiwe, yakageuka kama nilivyojua, yakaingia bandani. Matope yalijaa kwenye mapipa ya chikichi tulizokwisha kuchemsha. Kazi yote ikawa ya kutupwa. Tulipokuwa tunazoa matope, nikaanza kusema kwa sauti ambayo Jumamosi sikuwa nayo, "Nchi hii haitatengenea. Wakubwa hawajui kitu. Hata mimi nilijua maji yatapita huku."

Bibi Zaina aliweka koleo chini. "Ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Na Jumamosi mudomo wako ulimwazima nani?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilitafuta pa kutazama.

Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mashine. Mnazijua mashine zetu: iko mti mrefu, watu wanne wanausukuma wakizunguka, na mafuta yanatoka chini pole pole. Akasema, "Mwanangu, kuna mtu anashika muti lakini hasukumi. Anazunguka na wenzake, jasho iko, ukimuona unasema huyu anafanya kazi. Lakini mafuta yanajua. Wewe Jumamosi ulishika tu. Na nchi iko hivyo hivyo. Shefu ana upande wake, wewe una wako. Usiposukuma, usiulize kwa nini pipa ni tupu." Kisha akacheka kidogo. "Tena punguza haya. Mficha uchi hazai, na mimi nangoja wajukuu."

Jumamosi iliyofuata nilisimama. Nilishika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Nikasema, "Shefu, maji yanageuka kwenye jiwe. Tupitishe mtaro upande wa juu." Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo bubu amefunguka." Shefu alisogea karibu yangu. Halafu akasema, "Twende utuonyeshe." Tulichimba upya mpaka adhuhuri. Tukirudi aliniuliza kwa nini sikusema mara ya kwanza, nikamwambia niliona haya mbele ya wasomi.

Mvua ilipokuja tena nilisimama bandani nikitazama. Maji yalipita upande wa juu wa jiwe, yakashuka ziwani. Mchana, Bibi Zaina alipogawa maharagwe, sahani yangu aliitia mawese mengi kuliko za wenzangu.

Wadogo zangu, tumaini langu kwa nchi yetu si la maneno makubwa. Ninataka shefu akiuliza "Kuna mwenye neno?" angoje kidogo, kwa sababu mwenye haya anachelewa kusimama. Ninataka asiyesoma sana asichekwe akisema alichokiona kwa macho yake. Na wewe mwenye neno, usingoje matope ndipo upate sauti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulichimba mtaro mara mbili. Kulalamika bandani ni rahisi, hata mimi nilifanya hivyo. Sema mapema, sema kwa adabu, halafu chukua jembe uende na wenzako.

Mungu awape ujasiri wa kusimama na masikio ya kusikiliza wengine, na kila mvua iwakute mitaro yenu iko tayari. Murakoze, asanteni kwa kunivumilia. Na ninyi mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, mniambie kwenu jiwe linalogeuza maji liko wapi.