Beringi Iliyolia Mwisho wa Zamu

Hadithi hii ninayowapa hamtaiamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe, mjuzi wa kila kitu isipokuwa hesabu, nilichelewa kuiamini.

Fernand Ouellette alikuwa mtia grisi wa kiwanda cha karatasi hapa kwetu Maine, Marekani. Alikuwa akiegemeza ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, akasikia kama beringi, ile pete ya magololi inayobeba kila mhimili unaozunguka, ni nzima au inaumwa. Kila Jumatano mashine ilizimwa, ikasafishwa, ikatiwa grisi. Ndiyo maana haikuharibika. Na kwa kuwa haikuharibika, mpimaji wa ufanisi aliyeletwa na wenye kiwanda akaandika kwamba Jumatano ni hasara tupu. Jumatano ikafutwa. Karatasi ikaongezeka, wakubwa wakapeana mikono.

Sasa, wanaume wa kiwandani walikuwa na desturi yao: zamu itakayosimamisha mashine inawanunulia wengine pai za nyama, na kuzomewa juu yake.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Fernand akasikia beringi ya rola kubwa, ule mche wa chuma unaokamua karatasi, ikisaga. Alijua: mashine izimwe sasa hivi, ama rola ipasuke. Na wenye kiwanda wasingenunua rola mpya; wangefunga kiwanda. Akatazama saa. Zamu yake ilikuwa inakwisha. Shemeji yake Rosaire, wa zamu inayofuata, akaingia anapiga mluzi, akaelekeza kidevu kwenye mashine.

"Vipi shemeji, bibi kizee wako kaamkaje?"

"Analia kidogo."

"Analia, au wewe ndiye una hamu ya kutulisha pai?"

Wenzake Rosaire wakaangua kicheko. "Mimi yangu iwe na vitunguu!" mmoja akadakia.

Fernand akaifuta bisibisi kwa kitambaa, taratibu. "Mwongeze grisi tu. Atatulia."

"Kweli, shemeji?"

"Kweli."

Nyumbani, mkewe Lucille akampakulia maharage. Hajameza kijiko cha pili, ule mngurumo wa kiwanda uliokuwa ukisikika jikoni mwao tangu waoane ukanyamaza. Lucille akamtazama. Fernand akatazama sahani.

Mngurumo haukurudi tena. Nyumba za mtaani zikapigiliwa mbao madirishani. Rosaire akahamia Connecticut na watoto, na simu hapigi.

Lakini hiyo rola, jamani! Ilipopasuka iliruka, ikatoboa paa, ikavuka mto, ikaangusha kulungu wawili, na wa tatu alikuwa ndio kwanza anainua —

"Haikuruka, Normand," anasema Fernand kutoka kwenye kiti chake kando ya jiko, bisibisi mapajani. "Ilisimama tu."