Mistari Miwili

Mfagiaji wa ofisi yetu hukunja tambaa mara nne kabla ya kulichovya, kama alivyokunja mashuka alipokuwa dobi. Akisubiri, vidole vyote kumi hugonga meza, utadhani bado ana mashine ya taipu mbele yake.

Jana karani wa ajira, aliyeanza kazi juzi tu, alimrushia fomu yake ya kuongeza mkataba. "Mama, kazi za nyuma ni mistari miwili tu. Mbona umejaza mpaka nyuma ya karatasi?"

"Ndizo nilizofanya, mwanangu."

"Fupisha bwana!"

Mama akainyoosha fomu kwa kiganja. "Fomu hii niliichapa mimi, nilipokuwa mpiga taipu chumba hiki hiki. Niliweka mistari kumi. Bosi akaniamuru nifute minane, eti mfagiaji ana lipi la kuandika?"