Nepi Ishirini na Nne za Zione

Zione Nambewe alipokuwa na mimba ya miezi saba, alifungua robota la mitumba kwenye meza yake sokoni Zomba, akachomoa mashuka mawili mazito ya pamba, yale ya watu wa nchi za baridi, akayasukumia chini ya meza. Wateja walipoyaulizia aliwaambia yameshapata mwenyewe. Jioni akayabeba nyumbani pamoja na mataulo matano, akayakata, akapinda kingo kwa cherehani ya jirani, zikatoka nepi ishirini na nne. Akazichemsha, akazianua, akazikunja ndani ya sanduku. Hakumwomba mtu ushauri, na waliompa bila kuombwa aliwashukuru kisha akafanya lake.

Wa kwanza kumpa alikuwa wifi yake, Dailesi. Mama yake Zione alikwishafariki, kwa hiyo mtoto alipozaliwa, ndugu wa mume ndiye aliyepanda basi kutoka Limbe kuja kumkanda mzazi. Alikuwa mgeni pale, maana kaka yake Sosten, mwalimu wa shule ya msingi, alihamia kwa mke kama waume wote wa upande ule, na kijiji kilikuwa cha akina Zione. Lakini Dailesi hakuwa mtu wa kuusikia ugeni. Siku ya kwanza tu alifungua sanduku.

"Wifi, hivi vitu gani?"

"Nepi."

"Hizi si nepi, hizi shuka."

"Zilikuwa shuka. Sasa hivi nepi."

"Mwalimu mzima! Mtoto wake avalishwe mashuka ya wazungu waliokufa?"

"Kama wamekufa, wifi, hawatakuja kuyadai."

Dailesi akavuta mfuko wake na kutoa pakiti tatu za nepi za dukani, zile za kuvaa na kutupa, zimechorwa tembo mwenye kofia. Zilikuwa nzuri kweli, nyeupe, zinanukia kama bibi harusi. "Nimezitafuta Limbe nzima. Huku kwenu hazipo. Watu wakiona vitambaa kwenye kamba watasema kaka yangu amefulia."

"Asante sana. Ziweke pale," Zione akasema. "Zitafutia madirisha."

Msidhani Zione alikuwa mchoyo, au anapenda kufua. Hakuna mtu timamu apendaye kufua nepi. Lakini kulikuwa na habari ya kijito, na kila mwanamke wa pale aliijua ingawa hakuna aliyeitaja.

Nepi ya dukani haichomwi. Hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba mvua hutoka juu. Ukichoma nepi yenye uchafu wa mtoto, moto unamfuata mwenyewe popote alipo, na matako yake yanatoka malengelenge. Chooni haitupwi, shimo linajaa upesi. Ukizika shambani, mbwa wanafukua na kukuletea mlangoni, mbele ya wageni. Basi kinamama walizifunga kwenye mifuko ya plastiki, wakateremka kijitoni alfajiri kana kwamba wanakwenda kuchuma mboga, wakarudi mikono mitupu bila mboga. Wakati wa mimba, siku moja bomba la kioski cha maji lilipokuwa kavu, Zione aliinama kisimani, kile kisima kinacholishwa na kijito, akateka ndoo, na ndani ya ndoo ikaelea nepi iliyofura kama mkate uliomwagikiwa chai. Alitapika mpaka akakaa chini. Alipoinuka alikuwa ameshaamua, na Zione akiamua jambo, bora ubishane na kinu.

Mtoto wakamwita Limbani. Kila asubuhi mama yake aliloweka, akafua kwa sabuni ya mche nyuma ya nyumba, maji machafu akayamwaga kwenye shina la migomba, kisha akaanika nepi mbele ya nyumba, kwenye waya unaotazama barabara.

"Anika nyuma basi," Dailesi akasihi. "Aibu hizi."

"Nyuma hakuna jua. Aibu gani? Mtoto anakunya, wifi. Mficha uchi hazai."

Wapita njia nao hawakulaza damu. "Zione! Umefungua kanisa? Mbona bendera nyeupe kibao?"

"Karibuni ibada! Sadaka ni sabuni!"

Alicheka, lakini ilimchoma. Baadhi ya wanawake wale alisoma nao, na sasa walimpita wakimwonea huruma. Hata hivyo jua likikaribia kuzama Zione alianua zote mbiombio, akihesabu hadi ishirini na nne, kwa sababu nepi ikilala nje usiku, mwenye nia mbaya anampata mtoto kupitia hiyo. Mama yake alimfundisha hivyo na yeye akashika. Ukaidi wake ulikuwa na mipaka.

Mwezi wa Januari mvua ilipiga siku nne mfululizo. Kijito kikaziba kwenye kalavati, kikapanda, kikamwagikia kisima. Maji yakanuka. Watoto wa nyumba sita wakaharisha. Mkuu wa kijiji, ambaye alikuwa mwanamke, Mama Nasibeko, mtu wa hasira za karibu na miguu inayouma, akawaita watu wote pale pale kijitoni, akageuza ndoo, akaikalia.

"Semeni. Nani anachafua maji?"

Falesi, jirani wa ng'ambo, mwenye watoto wawili wanaovaa nepi kwa mpigo, akakohoa. "Mkuu, mimi sipendi maneno."

"Basi nyamaza."

"Lakini nitasema. Katika kijiji hiki ni nani anayefua mavi kila siku iendayo kwa Mungu? Tumwulize huyo."

Macho yote yakamgeukia Zione, aliyesimama na Limbani mgongoni, na Dailesi ubavuni mwake. Nyani haoni kundule. Kila aliyemtazama alikuwa na mfuko wake ndani ya kijito kile, naye alimtazama bila kupepesa.

"Mimi nafulia nyumbani," Zione akasema. "Maji naimwagia migomba. Njooni muione ilivyonenepa."

"Mvua inateremsha," akadakia mwingine.

"Aache vitambaa avalishe kama wenzake!"

Mama Nasibeko akasugua goti. "Zione, sikiliza. Mpaka maji yatakapotakata, wewe usichote kisimani. Ukiviacha vitambaa, utarudi."

Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha jambo lenyewe. Bomba la kioski lilitoa maji mara mbili kwa wiki. Bila kisima Zione angeweza kupika na kunywa, lakini nepi ishirini na nne hazifuliwi kwa mate. Angelazimika kununua za dukani, na zikishatumika angekwenda kuzitupa wapi? Kijitoni, alfajiri, kama wenzake. Akaona wazi kwamba wanachotaka si maji safi. Wanataka awe mwenzao.

"Sawa, Mkuu," akasema. "Nitatii. Lakini kwanza fungueni kalavati tuone kilichoziba. Mkikuta kitambaa changu hata kimoja, nitavichoma vyote ishirini na nne."

Vijana wawili wakaingia na majembe. Wakavuta. Kikatoka kilichotoka. Sitaeleza yote, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Nepi za dukani juu ya nepi za dukani, zimefura, zimepasuka, zimeshikana na majani ya migomba, rundo likafika magotini. Hakuna shuka, hakuna taulo. Wanawake wakaanza kutazama mlima wa mbali, si rundo.

Zione alikuwa anafungua kinywa aseme neno la ushindi, neno alilolipika miezi mitatu, Falesi alipochokonoa rundo kwa kijiti.

"He! Na hii je? Tembo mwenye kofia! Tembo huyu hapa kwetu anafugwa nyumba moja tu."

Kicheko kililipuka. Zione akamgeukia wifi yake. Dailesi alikuwa anafunga upya kitenge chake ambacho hakikuwa kimefunguka. Kumbe kila Zione alipokwenda kupanga foleni ya maji, shangazi mtu alimvua mtoto kitambaa na kumvalisha tembo, ili majirani wakija wamkute mtoto wa mwalimu amependeza. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Wifi," Dailesi akanong'ona, "zilikuwa chache tu."

Zione alitamani ardhi ipasuke. Alitamani pia kumzaba kofi mtu mzima. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akakiomba kijiti kwa Falesi, akaichopoa ile nepi ya tembo, akaiinua watu wote waione.

"Ni ya Limbani," akasema. "Imetoka nyumbani kwangu, kwa hiyo ni yangu. Na haitarudi majini. Naichoma."

Palizuka yowe. "Zione, una wazimu!" "Mtoto ataungua!" Dailesi akamng'ang'ania kitenge. "Usiniulie mtoto wa kaka yangu!"

"Uliyeitupa ni wewe."

"Niliitupa, sikuichoma!"

Mama Nasibeko akainuka kwenye ndoo. "Zione, mtoto ni wako. Sisi hatukukutuma, wote tumesikia."

"Hamkunituma, Mkuu."

Sosten alikuwa shuleni akifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, na ilikuwa bahati yake. Zione alitamani angekuwepo amkataze. Maana alikuwa anaogopa, nisiwafiche. Yeye pia alinyonya imani ile kwa mama yake. Kama mtoto angetoka lengelenge moja tu, angekuwa ameliwasha kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kijiji kizima. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaagiza mafuta ya taa na magunzi makavu, akamfungua Limbani mgongoni, akampakata upande ambao upepo hauendi.

Nepi ikakataa kuwaka. Ilikuwa imekunywa kijito kizima. Ilifoka, ikatoa povu, ikazima. Zione akaongeza magunzi. Ikazima. Watu walisimama tu, hakuna aliyeondoka wala aliyesaidia, na kila moto ulipofifia alilazimika kuamua upya. Mara ya nne ikashika. Moshi mweusi ukatoka, upepo ukageuka, na Limbani akapiga kelele.

"Anaungua!" Falesi akalia, na safari hii hakuwa anatania. "Anaungua, jamani!"

Zione akarudi hatua tano nje ya moshi. Mtoto akakohoa, akapiga chafya, akanyamaza, akaanza kutafuta ziwa.

"Ni moshi," Zione akasema kwa sauti isiyo yake. "Hata wewe, Falesi, unatoka machozi."

Nepi ilipobaki majivu, akamlaza mtoto kwenye kitenge, akafungua pini, akafungua kitambaa. Mama Nasibeko akachechemea akaja wa kwanza. Akayatazama matako yale, akayabonyeza kwa kidole, akanusa kidole. "Matako haya ni mazima kuliko yangu," akasema. Wakapita mmoja mmoja, kama watu wanaoaga maiti, ila huyu maiti alikuwa anarusha miguu.

"Utachota kisimani," Mkuu akamwambia Zione. Kisha akawageukia wengine na kuonyesha rundo. "Na hizi? Hazina wazazi?"

Kila mmoja aliitambua ya kwake na hakuna aliyeitaja. Zione hakungoja. Akamfunga mwanawe mgongoni akaenda zake.

Jua lilipoanza kushuka akaanua nepi zake, akazihesabu, zikatimia. Dailesi alimfuata ndani kwa unyonge, akamkuta ameinama kitandani, Limbani yuko uchi, na mama yake anamgeuza huku na huku mbele ya dirisha.

"Mara ya ngapi hiyo?" Dailesi akauliza. "Kule kijitoni ulisimama kama nguzo. Kumbe uliogopa."

"Niliogopa, wifi, bado naogopa." Zione akavuta nepi safi, akaikunja pembetatu, akampitishia mtoto miguuni, lakini pini ikamshinda kufunga. "Ndiyo maana nilichoma ya mwanangu. Ya mtoto wa mtu nisingethubutu."

Dailesi akaichukua ile pini mkononi mwa wifi yake, akaingiza kidole chake mwenyewe katikati ya ncha na ngozi ya mtoto, akafunga.