Matairi Aliyoyachagua Mke Wangu

Mke wangu alipopata kazi ya maabara katika hospitali moja magharibi mwa Toronto, tulikuwa tunakaa Malvern, upande wa pili kabisa wa jiji. Kila siku alilivuka jiji zima, kwenda na kurudi, katika kigari chetu kidogo nilichokinunua kikiwa kimeshatumika. Mimi nilipanda basi na treni. Kwa hiyo gari likawa lake, ila matairi yalibaki kazi yangu, eti kwa sababu mimi ni mwanamume na nimekulia jirani na gereji kule Mwanza.

Nilinunua yaliyokuwa rahisi, basi. Yaliisha kashata, yaani ile mikato ya juu ya mpira, upesi, na yalivuma barabarani hata ikabidi tupandishe sauti ya redio. Mwaka mmoja theluji ilipokwisha, nikatoa stoo matairi ya kiangazi, maana huku majira ya baridi yana matairi yake, nikakuta yamekuwa vipara. Nikasema nitampitia jamaa mmoja anayeuza ya mtumba. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Baba watoto, safari hii niachie mimi," akasema. "Anayeshinda barabarani nayo ni mimi."

Akaanza kusoma jioni, watoto wakishalala, na kuwauliza wenzake kazini wanaotoka mbali. Akanieleza kwamba yapo matairi yanayoviringika kwa wepesi, injini isihangaike, na matumizi ya mafuta yakapungua kidogo. Lakini mengine ya namna hiyo huteleza lami ikilowa, na hayo hakuyataka. Alitaka pia yenye dhamana ya kilometa nyingi. Mimi hata sikujua kwamba tairi lina dhamana.

Jumamosi tukaenda dukani pamoja. Muuzaji, bwana mmoja mchangamfu mwenye ndevu, alitusalimia wote wawili, kisha akaanza kuongea na mimi. Mke wangu akiuliza, mimi ndiye niliyejibiwa. Akatuonyesha matairi mapana yenye sura ya magari ya mashindano, na kwa kweli niliyapenda. Mke wangu akauliza yanasimamaje kwenye mvua. Yule bwana akanigeukia tena mimi.

Nikamwambia, "Ongea naye. Gari ni lake, na uamuzi ni wake."

Akamwomba radhi mke wangu, akamvutia kiti. Walizungumza kwa muda mrefu, mimi nikinywa kahawa pembeni. Mke wangu alilikataa tairi lililosifiwa kuliko yote kwa kuwa mpira wake ulikuwa laini mno, ungelika upesi. Akakataa pia kuongeza upana. Alitaka kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa gari. Tukatoka na matairi ya kawaida kabisa, ambayo hakuna mtu angegeuka kuyatazama.

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni ukimya. Tuliongea ndani ya gari bila kupaza sauti. Mafuta yaliyozoea kuisha Ijumaa yakaanza kufika Jumamosi. Mwenyewe alisema ni tofauti ndogo tu, maana hapendi kutia chumvi. Lakini aliyatunza: alipima upepo mara kwa mara kabla hatujaenda kanisani, na kila tulipobadilisha kwa ajili ya majira, alihakikisha ya mbele yamehamishiwa nyuma. Mtoto wetu wa pili alianza shule, akafika darasa la tatu, na matairi ni yale yale.

Mwaka huo fundi aliyekuwa akiyafunga alipima kashata, akapima tena, akashangaa bado zina kina, akaniuliza nilishauriwa na nani. Nikamwonyesha mke wangu kupitia kioo, amekaa chumba cha kungojea anasoma gazeti. Nilijisikia fahari, kama mtu aliyeulizwa ni nani aliyejenga nyumba yake.

Habari ikaenea. Jumapili moja baada ya ibada, Mtanzania mwenzangu alinivuta hadi kwenye gari lake, akaniomba nimtazamie matairi.

"Kaka, mimi sijui kitu," nikamwambia. "Ngoja nimwite shemeji yako."

Wakajongea na wengine wawili. Mke wangu akanipa mkoba wake, akakunja kitenge, akachuchumaa kwenye lami na kuchomeka sarafu kwenye mikato ya tairi kupima kina chake. Wanaume watatu wenye suti wakainama nyuma yake kumsikiliza. Mimi nikasimama pale nimeshika mkoba wa kike, na sikuona haya hata kidogo.