Madirisha Kumi na Tano na Geti Moja

Kuna mchoraji mmoja, marehemu wa zaidi ya miaka mia, ambaye namfahamu kuliko ninavyowafahamu baadhi ya mashemeji zangu. Jina lake silijui, hakutia sahihi. Lakini najua alikuwa mwongo wa wastani, na najua alidanganya wapi.

Nilianza kumchunguza kwa ajili ya fundi. Fundi alikuwa mshonaji, Mhindi wa Kisumu, umri wake unagonga sabini, na cherehani yake ilikuwa katika chumba kilicho mwisho wa uchochoro, hatua chache kutoka meza yangu ya mihogo na bamia, huku kusini mwa London. Uchochoro ule ndio uliokuwa njia yake na ya wateja wake. Nyingine hakuna. Basi jengo la pembeni likanunuliwa, na mwenye jengo mpya, kijana wa suti kutoka mtaa wa Stanmore, ng'ambo ya jiji, akabandika karatasi: uchochoro ni wake, na ataujengea ukuta. Walevi walikuwa wakikojoa mle usiku, hilo sibishi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga ndoo ya maji kila asubuhi. Lakini ukuta ungemhamisha fundi, na kwa umri ule kuhama ni kufunga kazi.

Ofisa wa kaunsili, halmashauri ya mtaa wetu, akaja, mama mpole mwenye viatu vya mvua. Akasema tukimwonyesha kwamba watu walipita hapo tangu zamani, atakuwa na la kusema.

"Zamani kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kadiri mtakavyoweza."

"Tuseme miaka hamsini, tumalizane."

Akacheka kidogo, akaniambia hiyo si bei ya kupatana.

Nilikuwa na mteja anayenunua bamia kwa kuzivunja ncha moja moja, ananitia hasira kila Ijumaa. Kumbe alikuwa mtunza kumbukumbu katika maktaba ya mtaa. Nikamweleza shida yetu. Akasema njoo juu, ghorofa ya pili, nitakutolea michoro. Kabla kamera hazijaenea, watu walizunguka na penseli na rangi za maji wakichora mitaa: maduka, mikokoteni, nguo zilizoanikwa, nyumba zilizokaribia kubomolewa.

Nilidhani nitakaa dakika kumi. Nikakaa mpaka wakaanza kuzima taa. Mtu asiyewahi kuangalia michoro hiyo hajui imebeba mambo mangapi. Kuna ng'ombe wanapitishwa mbele ya benki. Kuna mama anapiga zulia dirishani na vumbi linamwangukia bwana aliye chini, na mchoraji amelichora hilo vumbi. Katika mchoro mmoja wa soko nilihesabu watu arobaini na mmoja na kofia arobaini. Nikarudia. Wa arobaini na moja alikuwa ameishika kofia yake mkononi, anawekewa viazi ndani. Nikafurahi kama niliyemkuta jirani.

Ndipo mteja wangu akaniletea mtaa wetu. Mchoro wa rangi, mkubwa kama sinia. Jengo la kona ni lile lile, mbingu imechorwa na mawingu mengi kuliko lazima, na pembeni uchochoro upo, wazi, na mwanamke mwenye kapu anatoka ndani yake. Nilitaka kumkumbatia yule mwanamke.

Lakini mimi sinunui gunia bila kuingiza mkono mpaka chini. Nikahesabu madirisha ya jengo la kona: kumi na tano. Nikashuka, nikapanda basi, nikasimama mbele ya jengo lenyewe. Kumi na nne. Nikahesabu kutoka kulia. Kumi na nne. Nikatafuta dirisha lililozibwa matofali, hakuna. Sasa mtu aliyekuongezea dirisha, utajuaje kama hakukuongezea na uchochoro?

Ijumaa nikamwambia mteja wangu, "Huyu mtu wako ananichezea. Hana kazi nyingine?"

"Ipo ya penseli," akasema. "Haiombwi na mtu. Haina rangi."

Ile ya penseli ndiyo aliyoichora akiwa amesimama barabarani. Nilijua kwa sababu alikuwa ameandika juu ya kuta: nyekundu, kijivu, chafu. Alijiwekea kumbukumbu ili akapake rangi nyumbani. Madirisha kumi na nne. Mwanamke wa kapu hayupo. Uchochoro upo. Na kwenye uchochoro, geti la mbao.

Nilikaa na lile geti muda mrefu. Geti maana yake kuna mwenyewe anayeweza kulifunga. Kule nyumbani kwake, na chai yake, mchoraji aliliona baya akaling'oa, akaweka mwanamke. Laiti angeacha hapo, asiongeze na dirisha, nami nisingejua.

Nikatoa kopi mbili. Ya rangi nikaiweka kwenye bahasha. Ya penseli nikaitia chini kabisa ya begi, kama unavyoweka nyanya iliyopasuka chini ya nzima. Siku mbili nikapita mbele ya mlango wa fundi nikimwambia mambo yanakwenda vizuri. Siku ya tatu akaniuliza, "Dada, mbona unanisalimia ukiangalia miguu?"

Nikamtolea zote mbili. Akavaa miwani, ya rangi akaisukuma pembeni kama kitambaa cha bei rahisi. Ya penseli akaiinamia kwa makini.

"Hili geti limefungwa?" nikamuuliza.

"Kwani wewe umelihesabu mbao?"

"Tano."

"Tano, na zimebanana. Tazama uwazi wenyewe, ni mpana mara mbili ya mbao hizo. Na mistari ya mbao inapita juu ya matofali, si juu ya giza." Akachukua koti lililokuwa mezani, akaikunja kola nje. "Mimi nachora hivi kila siku. Hii ni kola iliyokunjwa. Geti limefunguliwa, limelazwa ukutani."

"Lakini ni geti, mzee."

"Ndiyo, ni geti. Wacha waone."

Tulikutana ofisini kwa kaunsili, sisi wawili, ofisa, na kijana wa Stanmore. Nikatoa ya rangi kwanza. Kijana akaiangalia sana, akaitoa picha ya jengo lake mfukoni, akaanza kuhesabu kwa kidole. Moyo wangu ukahesabu naye. Kumi na tano, akasema kwa Kiingereza, na jengo langu lina kumi na nne, mchoro huu ni hadithi. Hapo ndipo nilipoweka ya penseli mezani, na fundi akaeleza habari ya kola. Ofisa akaliangalia geti kwa kioo cha kukuzia. Akasema kama lilikuwa la kufungua, basi lilifunguliwa kwa ajili ya mtu.

Fundi akaniinamia, akanong'ona kwa Kiswahili, "Akiweka geti badala ya ukuta, afungue saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, tunachukua. Lakini wewe anza na saa moja hadi saa tatu usiku."

Kijana hakuinua macho. Akajibu kwa Kiingereza kwamba mama yake ni wa Nairobi, na dukani kwao hupatana hivyo hivyo mbele ya wateja wakidhani hakuna anayesikia. Kisha akasema saa mbili hadi saa kumi na mbili inamfaa.

Katika miaka yote ya meza yangu sijawahi kuuza kwa bei ya mwisho kabla ya kutaja ya kwanza. Nilimtazama fundi. Akajifanya anasafisha miwani.

Ofisa akaandika: geti, litafunguliwa mchana, usiku litafungwa. Akauliza nani atakuwa na ufunguo. Kijana akamwonyesha fundi kwa kidevu.

Wiki ile geti lilipowekwa, fundi alilifungua saa mbili kasoro dakika kumi, akalilaza ukutani na kulifunga kwa kulabu. Nikamwambia anatoa zaidi ya tulichokubaliana. Akasema kuna suruali ya bwana harusi inakuja kupunguzwa, na bwana harusi mwenyewe ameshafika, yuko nyuma yangu, nimpishe.